Popo wa machimboni: Dhara haliondolewi kwa dhara

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, vinavyotembea mchana na vinavyoruka usiku. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, katika moja ya safari zetu za daawa mkoani Geita, baada ya swala ya Ijumaa kwenye msikiti mdogo wa mabati ulio jirani na machimbo ya wachimbaji wadogo, kijana mmoja alitufuata tukiwa tunavaa viatu. Alitoa salamu, akasita kidogo, kisha akasema: "Shehe, mimi na wenzangu tunataka kulifufua duara moja la zamani. Ndani yake wamejaa popo. Wenzangu wanasema tuwashe matairi mdomoni mwa shimo, moshi uwamalize, halafu tuingie kazini. Je, hapo pana dhambi?"

Swali lile lilikuwa la fiqhi, na jibu lake fupi tungeweza kulitoa pale pale tukiwa tumesimama. Lakini tuliona kwamba nyuma yake kuna jambo kubwa kuliko uhai wa popo. Kuna uhai wa kijana mwenyewe, na wa mama yake atakayemuuguza, na wa mzee atakayeitwa kumuosha akifa. Tulimsihi asiingie katika shimo lile wala asiwashe moto mpaka tumpe jibu kamili. Makala hii ndiyo jibu lake, na ni jibu kwa wenzake wote walioko Geita, Kahama, Shinyanga na kwingineko ambako riziki hutafutwa chini ya ardhi.

Maradhi yaliyobisha hodi kwa jirani

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alilitangazia taifa kuwa homa ya Marburg imethibitika wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025, hesabu ilikuwa ya kuhuzunisha. Wagonjwa wawili walithibitishwa na maabara, wengine wanane walihesabiwa kuwa ni wagonjwa kwa dalili na mazingira yao, na wote kumi walikuwa wamefariki dunia. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun.

Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 21 Machi 2023, maradhi hayo hayo yalitangazwa kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu, huko Bukoba Vijijini. Watu tisa waliugua na sita wakafa, miongoni mwao akiwamo mhudumu wa afya. Mlipuko ule ulitangazwa kumalizika tarehe 2 Juni 2023.

Anayeijua ramani ya Kanda ya Ziwa anajua kwamba Biharamulo na Geita ni nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Wilaya za Chato na Bukombe zinapakana na Biharamulo, na mabasi na malori yatokayo Kahama kwenda Kagera hupita humo kila siku. Ukanda wa dhahabu nao hauishii kwenye mpaka wa mkoa, kwani mgodi wa Tulawaka, uliofunguliwa mwaka 2005, uko Biharamulo. Mchimbaji mdogo huenda inakosikika habari ya dhahabu, leo Nyarugusu, kesho Kahama, keshokutwa ng'ambo ya mpaka wa nchi. Anapohama huhama na nguo zake, na huhama pia na kile alichokipata katika shimo alilotoka.

Kirusi na mwenyeji wake

Marburg ni jina la mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt, na pia Belgrade, waliugua baada ya kushughulika na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Watu 31 waliugua na saba wakafa. Kwa miaka mingi baada ya hapo wataalamu walijiuliza kirusi hiki hujificha wapi pale kisipoonekana kwa watu. Tumbili hakuweza kuwa maskani yake ya kudumu, kwa sababu naye hufa kwa maradhi hayo kama afavyo binadamu.

Jibu lilipatikana kwa popo mmoja mla matunda, anayeitwa kwa jina la kitaalamu Rousettus aegyptiacus. Popo huyu hukaa kwa maelfu katika mapango na katika mashimo ya migodi iliyoachwa. Hubeba kirusi mwilini bila kuugua, naye hukitoa kwa mate, mkojo na kinyesi. Binadamu anayekaa saa nyingi katika hewa nzito ya shimo, akishika kuta zilizolowa uchafu huo, akipangusa jasho usoni kwa mikono ile ile, huweza kukipata bila kuumwa wala kukwaruzwa na popo yeyote.

Dalili hutokea kati ya siku 2 na 21. Huanza ghafla kwa homa kali, kichwa kuuma sana na viungo kulegea, kisha hufuata kutapika na kuharisha, na kwa baadhi ya wagonjwa damu kutoka sehemu mbalimbali za mwili. Siku za mwanzo mtu husema ni malaria, na hapo ndipo penye mtego. Kutoka kwa mgonjwa wa kwanza, maradhi huwafikia wengine kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mwili wake, akiwa hai au akiwa maiti. Katika milipuko iliyopita, waliokufa miongoni mwa waliougua walikuwa kati ya watu 24 na 88 katika kila 100. Hadi leo hakuna chanjo yake iliyoidhinishwa, ingawa majaribio yanaendelea, na matibabu ya mapema ya hospitali huokoa wengi.

Tuongeze tahadhari moja. Popo hubeba pia virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Mwaka 2007 daktari mmoja wa Kiholanzi alikwaruzwa usoni na popo alipokuwa safarini Kenya, na wiki chache baadaye akafa kwa maradhi ya aina hiyo. Kwa hiyo hata mkwaruzo mdogo wa popo si wa kupuuzwa.

Hatusemi haya ili kuwatia watu hofu. Si kila popo ana kirusi, na si kila duara lina popo. Lakini tukitazama historia ya Marburg katika eneo letu la Maziwa Makuu, tutaona jambo linalorudiarudia, nalo ni mgodi.

Mashimo matatu, funzo moja

Tuanze na Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo. Kati ya mwaka 1998 na 2000 watu 154 waliugua Marburg huko, na 128 kati yao wakafa. Wengi walikuwa vijana wa kiume waliochimba dhahabu katika mgodi wa Goroumbwa. Walipochunguza virusi vile, wataalamu waliona kuwa havikuwa vya aina moja. Vilikuwa vya nasaba mbalimbali, ishara kwamba kirusi kilitoka mgodini na kuingia kwa watu mara nyingi tofauti. Mlipuko ule ulikoma pale mgodi ulipojaa maji.

Shimo la pili ni Kitaka, magharibi mwa Uganda, ulikokuwa ukichimbwa risasi na dhahabu. Mwaka 2007 wachimbaji wanne waliugua, na si wote waliopona. Shimo la tatu ni la karibuni zaidi. Rwanda ilipotangaza mlipuko wake wa kwanza tarehe 27 Septemba 2024, uchunguzi ulirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwa kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika mgodi wenye popo. Kutoka kwake maradhi yaliingia hospitalini. Waliougua walifika 66, wengi wao wakiwa madaktari na wauguzi, na 15 wakafa.

Hapa tunamuomba msomaji wetu atulie, kwa sababu habari ya Kitaka ina sehemu ya pili, na hiyo ndiyo inayolijibu swali la yule kijana.

Baada ya maradhi ya 2007, mgodi ule ulikuwa na popo wanaokadiriwa kuzidi 100,000. Watafiti wa Uganda na wenzao wa Marekani waliwapima na kukuta kirusi kwa popo watano hivi katika kila 100. Mwaka 2008 wachimbaji wakaamua kulimaliza tatizo kwa mikono yao. Waliziba njia za shimo kwa matete na nyavu za kuvulia samaki, wakawaua popo wote walioweza kuwaua. Bila shaka walilala usiku ule wakiamini kuwa wameondoa hatari.

Mwaka 2012 Marburg ilizuka tena katika mji wa Ibanda, mwendo wa kilomita 20 tu kutoka Kitaka. Watafiti waliporudi mgodini walikuta kwamba popo wamerejea, wakiwa wachache sana kuliko zamani. Lakini walipowapima, waliokuwa na kirusi walikuwa zaidi ya 13 katika kila 100. Popo walipungua, na kirusi miongoni mwao kikaongezeka zaidi ya mara mbili.

Maelezo waliyoyatoa wataalamu yanaeleweka hata kwa asiyesoma sayansi. Katika kundi kubwa lililotulia, popo wengi wameshapatwa na kirusi na miili yao imeshajenga kinga. Ukiwaua, unaondoa wenye kinga. Wanaosalia hutawanyika, kisha nafasi iliyoachwa hujazwa na wageni na watoto wasio na kinga, na kirusi huenea kwao kama moto katika nyasi kavu.

Wanazuoni wetu wa usulu waliweka kanuni karne nyingi zilizopita kwamba dhara haliondolewi kwa dhara jingine mfano wake. Tumeisomesha kanuni hii madrasani miaka mingi kwa mifano ya kuta za majirani na mifereji ya maji. Hatukupata kufikiri kwamba siku moja mfano wake bora ungetoka katika shimo la popo.

Elimu inayolinda roho

Ndugu zanguni, haya yote tumeyajua kwa sababu wako watu waliojitoa kuingia katika mapango yale. Huvaa mavazi ya kinga mwili mzima, barakoa na glavu nene, hutega nyavu mdomoni mwa pango, humchukua popo vipimo vya damu na mate, na wengine huwavisha alama ili watambulikane wakikamatwa tena. Kazi hii ilifanyika kwa miaka katika pango la Python, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth nchini Uganda, lenye popo wapatao 40,000.

Katika pango hilo iligunduliwa kwamba kirusi huzidi kwa popo wadogo wenye umri wa miezi sita hivi, pale kinga waliyopewa na mama zao inapowaisha. Kwa kuwa popo hao huzaa mara mbili kwa mwaka, hatari nayo hupanda mara mbili, takriban kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba, na tena katikati ya Desemba hadi Machi. Maradhi ya Kitaka ya Julai 2007 yaliangukia ndani ya kipindi hicho. Mtalii wa Kiholanzi aliyefariki mwaka 2008 baada ya kuingia pango la Python naye aliingia katika msimu huo. Zingatieni thamani ya elimu hii. Mwenye duara akijua miezi ya hatari kubwa, amepewa kalenda ya kulinda roho za vijana wake.

Elimu ya namna hii, kwa mizani ya sheria yetu, ni fardhi kifaya. Ikiwa hapana katika umma anayeisimamia, dhambi ni yetu sote. Kijana wa Geita au Shinyanga anayesomea utabibu wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au maabara mahali pengine, na akanuia kuwalinda watu wake, basi yuko katika ibada.

Tusisahau pia kwamba popo hakuumbwa kwa mchezo. Yuko anayekula wadudu usiku kucha, na yuko anayechavusha maua ya mibuyu na kusambaza mbegu za miti porini. Watu wa Shinyanga, ambao tangu mwaka 1986 walihangaika na mradi wa HASHI kuirudisha miti na ngitili katika ardhi iliyokuwa jangwa, wanajua thamani ya kiumbe apandaye miti bila malipo.

Tusimtafute mchawi

Liko jambo jingine ambalo hatuwezi kulinyamazia. Katika mikoa yetu hii, wanapokufa watu watatu au wanne wa nyumba moja kwa mfululizo, wako wanaokimbilia kwa mpiga ramli kabla ya kufika zahanati. Mpiga ramli naye hakosi jina la kutaja, na mara nyingi huwa la bibi kizee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Tumezika akina mama wasio na hatia kwa sababu hiyo. Nani hajui?

Popo mwenyewe amebebeshwa uchawi na nuksi. Mtume (s.a.w.) alikanusha itikadi ya nuksi za ndege na wanyama, na wakati huo huo akafundisha kutochanganya ngamia wagonjwa na wazima. Mafundisho haya mawili yanakwenda pamoja. Kifo cha mfululizo katika nyumba moja kina sababu, na mara nyingi sababu hiyo ni kwamba wa pili alimuuguza wa kwanza na wa tatu akamuosha wa pili. Kumuua bibi kizee hakuzuii kirusi. Kunaongeza maiti moja zaidi, na yenye dhima ya damu mbele ya Mwenyezi Mungu.

Wako pia wanaosema kuwa siku ikifika imefika, kwa hiyo tahadhari ya nini? Tuwakumbushe habari ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.), alipofika Sargh akielekea Sham na kuambiwa kuwa huko kuna tauni. Alishauriana na maswahaba, kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kwa maana ya kwamba anaikimbia kadari na kuiendea kadari nyingine ya Mola yule yule. Ndipo Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuwa tusiingie katika nchi yenye tauni, wala tusitoke humo kwa kuikimbia. Vijana wa machimboni, ambao desturi yao ni kuhama usiku pakisikika maradhi, waizingatie sana sehemu ya pili ya hadithi hiyo.

Maiti na haki yake

Kwa maimamu na wazee wanaosimamia mazishi, tunasema hivi. Kumuosha maiti ni haki yake juu yetu, lakini mwili wa aliyekufa kwa Marburg ni wenye hatari kubwa. Fukahaa wetu, akiwamo Imam Nawawi, walikwishaeleza kwamba maiti asiyewezekana kuoshwa, kama aliyeungua ambaye maji yangemharibu, hufanyiwa tayammamu. Na ikiwa hata kumgusa kunahatarisha walio hai, basi dharura ina hukumu yake, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Wataalamu wa afya watamsitiri, sisi tutamswalia na kumuombea, na tunamtarajia daraja ya shahidi wa akhera kama wafao kwa tauni. Kung'ang'ania kumuosha kwa mikono mitupu ili majirani wasitusengenye si uchamungu.

Jibu letu kwa kijana

Sasa tumjibu yule kijana. Imam Bayhaqi amepokea kauli ya swahaba Abdullah bin Amr inayokataza kuua popo, na katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu, popo haliwi. Kumchoma kiumbe kwa moto kumekatazwa. Kwa hiyo tendo unaloliuliza halifai kwa upande wa popo. Kwa upande wako wewe ndilo baya zaidi, kwa sababu ya yale yaliyotokea Kitaka, na kwa sababu moshi wa matairi katika duara umekwisha kuua wachimbaji kabla ya popo.

Duara lenye popo liacheni. Ardhi ya Mwenyezi Mungu ni pana. Ikiwa mwenye duara hataki kuliacha, na awaite kwanza maofisa wa afya na wa wanyamapori wa wilaya, wao ndio watakaosema lifanywe nini na lini. Usilale shimoni, usimshike popo aliye hai wala aliyekufa, usile tunda lililoonja meno yake, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaeleze. Ukipata homa ndani ya wiki tatu baada ya kuingia shimo lenye popo, usinunue vidonge dukani na kupanda basi kwenda nyumbani kwa mama. Nenda kituo cha afya, au piga simu namba 199 ya Wizara ya Afya ambayo haina malipo, na useme wazi: "Nilikuwa shimoni, na mlikuwa na popo." Maneno hayo machache yanaweza kumuokoa muuguzi atakayekupokea, na kijiji kizima nyuma yake.

Nanyi wenye maduara, vijana hawa ni amana mikononi mwenu. Dhahabu itapimwa kwa mizani ya gramu, lakini roho iliyopotea kwa uzembe wenu itapimwa kwa mizani nyingine, siku ambayo mali haitamfaa mtu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu ndugu zetu waliofariki Biharamulo na Bukoba, awalinde wauguzi na madaktari wetu, na awatoe vijana wetu mashimoni wakiwa salama na wenye riziki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.